Ushauri: nimewaponza wakulima niliotaka kuwasaidia?

Mpenda Udongo:
Habari zenu wadau. Nafuatilia familia kadhaa za wakulima wadogo kijijini, nikizisaidia kuingia kwenye kilimo cha kurejesha rutuba. Msimu huu niliwaambia waache kukatua, watandaze mabua shambani, na mbolea ya dukani waiache. Mahindi yametoka njano, magugu yamezidi, na mifugo imekula nusu ya mabua. Juzi mama mmoja alinishika mkono akanipitisha katikati ya mistari, akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo haya uliyoniahidi?" Sikuwa na jibu. Yule mama anategemea shamba hilo tu. Nifanyeje?

Mzee wa Mboji:
Pole, kijana. Hiyo njano ina sababu. Mabua makavu yana kaboni nyingi na kidogo sana cha naitrojeni, kirutubisho kinachoipa mimea ukijani. Vijidudu vinapoyaozesha hunyang'anya mimea naitrojeni iliyomo udongoni, hasa mabua yakifukiwa au yakichanganyika na udongo. Kama udongo ulikuwa umechoka tangu mwanzo na mbolea umeiondoa ghafla, mahindi yangekula nini? Mbolea hupunguzwa polepole, kadiri udongo unavyopata nguvu. Kwa sasa wekeni samadi iliyoiva kwenye mashina, na mwenye mbolea kidogo aitumie bila kuona haya.

Msimu ujao changanyeni mahindi na kunde au mbaazi. Zikikaribia kutoa maua, chimba shina moja taratibu, usikate mizizi, kisha upasue kwa ukucha vifundo, yaani vile vivimbe vidogo vya mizizini. Ndani pakiwa pekundu kama waridi, vinatengeneza naitrojeni. Pakiwa peupe au kijani, havifanyi kazi. Mkulima akijionea hilo mwenyewe, hutahitaji semina.

Binti Mkulima:
Mie nauliza: palizi anapalilia nani? Ukiacha kukatua, magugu ya mwanzoni huwa mengi, na kazi hiyo mara nyingi huangukia akina mama na watoto. Baba anaitikia kikaoni, mama anaumia mgongo. Kaeni na wote wawili kabla ya kukubaliana lolote. Na jamani, msianze na shamba zima! Kipande kidogo, wakichague wao, kando ya kile wanacholima kwa kawaida, ili wakiharibikiwa bado wale.

Mfugaji Mwenzenu:
Mabua kwetu ni malisho ya kiangazi, kwa hiyo msituone maadui. Tuiteni mapema. Tukubaliane kiasi cha kubaki shambani, na pandeni majani ya malisho kingoni. Samadi tunayo.

Mzee wa Mboji:
Naongeza kidogo. Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso alianza miaka ya 1980 kwa kupanua mashimo ya zai, yale madogo ya jadi ya kupandia, na kuyatia samadi kabla ya mvua. Mchwa wakaifuata, wakatoboa ardhi iliyokauka kama sakafu, maji yakaingia. Majirani walimwita kichaa, baadaye wakaja kujifunza kwake. Lakini kuchimba mashimo yale ni kazi ya sulubu, usimbebeshe mtu yote kwa mwaka mmoja.

Mpenda Udongo:
Asanteni sana. Palizi sikuwahi kuuliza, na hilo limenichoma. Kesho asubuhi narudi kwa yule mama na ndoo mbili za samadi, na kwanza nitamwomba radhi. Ana kunde nyuma ya nyumba, zimeanza kutoa maua. Nitamwomba tuchimbe shina moja.