Tangi la maji chumvi: naongeza maji ya bahari kila siku 5, kipimo kinazidi kupanda

Mzee_wa_Dumu:
Wakuu, heshima kwenu. Nina tangi la maji chumvi sebuleni, hapa Dar. Urefu sm 100, upana sm 40, maji yanasimama sm 50. Ndani kuna samaki wawili wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kamba mmoja na konokono kadhaa. Joto la kaskazi lilinishinda, maji yalikuwa yanafika nyuzi 31, nikafunga feni ndogo ya mezani ipulize juu ya maji. Yakashuka hadi 28, safi. Shida sasa maji yanapungua sentimita nzima kwa siku! Nimechora mstari wa makapeni kwenye kioo, kwa hiyo si macho yangu.

Basi kila baada ya siku 5 navuka na pantoni kwenda Kigamboni, nachota dumu moja la lita 20, nachuja kwa kitambaa, namimina. Nimeshafanya mara mbili. Jana kipimo cha chumvi (kinalinganisha uzito wa maji ya tangi na yasiyo na chumvi) kimesoma 1.032, na naanza kilikuwa 1.026. Kamba tangu juzi hatoki nyuma ya jiwe. Au upande ule bahari ina chumvi kali zaidi?

Babu_Chewa:
Pantoni kwa ajili ya samaki wa sebuleni? Mkuu una moyo. Zima feni, funika kioo juu, umemaliza.

Fundi_Vioo:
Mzee, bahari umeisingizia bure. Kinachopaa ni maji matupu, chumvi inabaki ndani yote. Wewe unarudishia maji pamoja na chumvi yake. Lita moja ya bahari ina chumvi kama gramu 35, kwa hiyo kila dumu unamimina gramu 700. Madumu mawili, kilo moja na gramu 400. Tangi lako ni la lita 200 (toa mawe na mchanga, lakini tukadirie hivyo), lilianza na kilo 7, sasa lina 8.4. Hiyo ni gramu 42 kwa lita, na ndiyo 1.032 yako. Samaki anaweza kuvumilia kidogo, kamba na konokono hawana ujanja huo.

Kinachopaa rudishia kwa maji yasiyo na chumvi. Ya bahari weka siku ya kubadilisha maji tu, siku unayotoa ndoo ya zamani na kuingiza mpya.

Sasa usije ukakurupuka ukashusha kwa siku moja, kamba utamuua wewe. Kila siku toa lita 5 za tangi, jaza maji yasiyo na chumvi hadi mstari wako wa makapeni, pamoja na zile zilizopaa. Kama wiki moja utakuwa umerudi kwenye gramu 35 kwa lita.

Feni usizime. Ni kazi ileile ya mtungi wa udongo, unatoka jasho na maji ya ndani yanapoa. Ukifunika kioo kizima unarudi nyuzi 31, na maji ya moto hayashiki hewa. Kama unaogopa samaki kuruka, weka wavu.

Mzee_wa_Dumu:
Duh. Kumbe nilikuwa natengeneza chumvi nyumbani. Asante fundi. Ila maji gani? Kisima chetu ukichemshia chai unasikia chumvi. Kuna maji yanayodondoka kwenye AC ya jirani, naona ni masafi kabisa.

Mama_Matumbawe:
Ya AC acha kaka yangu! Yamepita kwenye mabomba ya shaba, na shaba kidogo tu inamaliza kamba na konokono. Ya mvua kutoka kwenye mabati nayo siyaamini. Kisima chenye chumvi kinakurudisha kulekule. Mimi nanunua maji kwenye duka lenye mashine ya kuchuja, napima kwa kile kipimo kidogo cha TDS (kinaonyesha vitu vilivyoyeyuka kwenye maji), nataka kisome karibu na sifuri. Ya bomba yana dawa, ukilazimika tia ya kuondoa klorini kwanza.

Na usisubiri siku 5, hapo chumvi inapanda na kushuka kama lifti. Mimi nina ndoo juu ya kabati, mpira wa dripu ya hospitali mpya kutoka duka la dawa, nimeurekebisha unadondosha lita zangu 3 kwa siku. Usiku wa kwanza niliufungua sana, nikaamka zulia limelowa, kwa hiyo kwenye ndoo weka maji ya siku moja tu. Ukiweza pata kiboya kama cha tangi la choo, cha plastiki tupu, kisiwe na chuma.

Fundi_Vioo:
Na hicho kipimo chako cha plastiki kigongegonge kabla ya kusoma, kapovu kakishika kwenye mshale kanaongeza namba.

Mzee_wa_Dumu:
Mrejesho, siku ya 4. Kipimo 1.029. Dripu iko juu ya friji, mke wangu anauliza nani amelazwa. Leo asubuhi kamba amekuja mbele kula. Swali moja: umeme ukikatika feni inazima, dripu inaendelea. Naifunga au naiacha?

Mama_Matumbawe:
Ukikatika saa moja mbili iache. Ukikatika usiku kucha ifunge.