Hati ilitaja simu moja, wameondoka na vitu kumi na moja

Mama Imani (Njiro), Jumatatu asubuhi

Jamani salaam. Miaka minne nasoma tu humu kwenye kundi letu la Wakenya tunaoishi Tanzania habari za vibali na foleni za Namanga bila kuandika. Leo yamenifika.

Jumamosi saa mbili usiku waliingia askari wanne, mmoja wao wa kike, na hati ya upekuzi mkononi. Baba Imani hakuwepo. Wengi mnajua alikuwa na meza ya kutengeneza simu karibu na soko la Kilombero, mpaka ile amri ya Julai 2025 ya kukataza wageni biashara 15 ikatutoa. Simu za wateja ambao hawakurudi kuzichukua ziko nyumbani kwenye boksi. Karatasi ilisema wanatafuta simu moja nyeusi ya wizi, na IMEI yake, ile namba ya utambulisho wa simu, imeandikwa. Nikawaambia karibuni, tafuteni.

Wamebeba simu zote saba, laptopu yangu ninayofanyia kazi za tafsiri, tableti ya Imani ya shule, bahasha yenye 640,000 za kikoba chetu, na pasipoti yangu. Yule askari wa kike alinipekua chumbani kwa heshima, hapo sina neno. Nikasaini karatasi ndefu lakini nakala sikupewa. Leo nimeenda kituoni, naambiwa mpelelezi yuko nje kikazi.

Hati ikitaja simu moja, wana haki ya kubeba na vingine? Na pasipoti naipataje? Kibali changu kinaisha tarehe 30, na Uhamiaji hawapokei maombi bila pasipoti.

Otieno (Sakina)

Pole sana dada. Hao wamevunja sheria mara mbili. Kwanza hati ya upekuzi inatolewa na mahakama peke yake, soma CPC, sheria ya mwenendo wa jinai, kifungu cha 118. Pili wamekuja usiku. Pia Katiba ibara ya 31 inalinda faragha ya nyumba yako. Rudi kituoni uwatajie vifungu hivyo, watakurudishia vyote leo hii.

Bi Zuhura (Kijenge)

Otieno ndugu yangu, tafadhali. Hizo ni sheria za Kenya. Akienda kituoni na ibara ya 31 ataonekana hajui yuko nchi gani. Katiba ya huku faragha iko ibara ya 16, na upekuzi uko kwenye CPA, sheria ya huku ya mwenendo wa jinai, Sura ya 20, ya mwaka 1985. Nilikuwa karani kwa wakili hapa mjini miaka kumi na moja, haya nimeyachapa mpaka usingizini.

Huku OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, mwenyewe anaweza kumwandikia askari wake kibali cha kupekua, bila hakimu, akiridhika kwamba wakichelewa kitu kitaondolewa au kuharibiwa. Baadaye ndipo anamtaarifu hakimu sababu na kilichopatikana. Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya yote: karatasi ile ilisainiwa na nani? Hakimu au mkuu wa kituo?

Kuhusu vitu, kifungu cha 38 cha CPA kinataja mafungu matatu: kitu ambacho kosa limetendwa juu yake, kitu kinachoweza kuwa ushahidi wa kosa, na kitu kinachokusudiwa kutumika kutenda kosa. Sasa pitia vyako kimoja kimoja. Simu ya wizi ni fungu la kwanza. Hizo nyingine sita wangeweza kuzikagua palepale sebuleni kwa kubonyeza *#06#, ila kama haziwaki nawaelewa waliozibeba. Laptopu itakuuma, lakini kubadilisha IMEI ni kosa kwa EPOCA, sheria ya mawasiliano ya 2010, na kila fundi anayeflashi simu anatumia kompyuta. Watasema ni ushahidi, na hoja yao si ya kupuuzwa hata kama laptopu ni yako. Pesa ni lazima wawe na sababu ya kuamini zimetokana na mauzo ya wizi, na zihesabiwe mbele yako, kiasi kiandikwe. Pasipoti mimi siioni kwenye fungu lolote. Pasipoti haithibitishi wizi wa simu.

Halafu kifungu cha 38(3): anayekamata kitu anatoa risiti, ikiwa na saini ya mwenye nyumba au ndugu yake wa karibu na ya mashahidi kama walikuwepo. Mahakama ya Rufani imeshatupa vielelezo kwa kukosekana risiti hiyo, na kuna kesi nyingine imekubali hati ya kukamata mali iliyosainiwa vizuri. Kwa hiyo uliyosaini wewe ina uzito. Ilikuwa imejazwa yote uliposaini?

Njeri (Ngaramtoni)

Mama Imani pole mpenzi. Sisi mwaka 2019 walichukua kamera na redio mbili za gari la watalii, wakati kesi yenyewe ilikuwa ya dereva na mafuta! Tuliambiwa njoo kesho kwa miezi mitano. Kilichotuokoa ni kijana mmoja wa mapokezi aliyetunong'oneza: msiulize faili, ulizeni namba ya PF16. Hicho ndicho kitabu cha vielelezo. Kila kitu kinatakiwa kuandikwa humo na kufungwa lebo, PF145. Kamera yetu ilikuwemo ila redio moja haikuwemo, na mpaka leo hatujaiona. Kwa hiyo nenda mapema, kabla vitu havijaanza kutembea.

Otieno (Sakina)

Bi Zuhura, nimekubali kuhusu CPC, lakini usiku ni usiku. Na hapa pia jua likizama hati inalala.

Bi Zuhura (Kijenge)

Hapo uko sawa nusu. Kifungu cha 40: kuchomoza hadi kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine baada ya kuombwa. Ndiyo maana nauliza karatasi ilisainiwa na nani na imeandikwa nini. Mama Imani bado hajajibu.

Otieno (Sakina)

Tuseme ukweli, hii si habari ya simu. Tangu amri ile ya biashara 15 tumekuwa watu wa kutazamwa. Kutengeneza simu, saluni, kutuma pesa, kuongoza watalii, vyote mgeni haruhusiwi. Tumesaini soko la pamoja la Afrika Mashariki mwaka 2009, makao makuu ya Jumuiya yako hapahapa Arusha, na mtu wa Kisumu anaitwa mgeni. Wanangu wamezaliwa hospitali ya Mount Meru, wanaimba wimbo wa taifa la hapa kuliko wa kwetu. Inaniuma.

Mzee Mwadime (Moshi)

Wanangu, msigombane. Siasa zina mahali pake, mama wa watu anatafuta pasipoti.

Mimi nina miaka thelathini na mbili hapa Moshi na nimepekuliwa mara moja, ila mchana, na walikuja na mjumbe wa nyumba kumi. PGO zao zenyewe, yaani kanuni za kazi za polisi, zinataka shahidi huru, mtu asiye askari wala jamaa yako. Mama Imani, alikuwepo mjumbe au mwenyekiti wa mtaa? Kama hakuwepo, liandike leo kabla hujasahau: saa waliyoingia, nani alishika nini, nani alihesabu zile pesa.

Na wewe Otieno, nakuelewa. Mimi nimekulia Taveta. Mlima ule ule niliouona utotoni kutoka upande wa kwetu nauona sasa kutoka Kiboriloni, lakini umbo lake silizoei hata leo. Nikitaka kuuona sawasawa napanda basi mpaka Holili, navuka, nakaa kwa dada yangu nakula kimanga, jioni narudi. Ijumaa nakwenda. Mwenye mzigo wa Taveta aniambie.

Njeri (Ngaramtoni)

Mzee shikamoo, nina dawa za mama, nitazileta stendi ya Moshi Alhamisi.

Mama Imani (Njiro), Jumatano usiku

Asanteni nyote. Bi Zuhura, samahani nimechelewa. Chini kulikuwa na muhuri wa kituo, wa mahakama sikuuona. Shahidi hakuwepo, mwenyekiti wa mtaa amesema hakuitwa. Karatasi niliyosaini ilikuwa na mistari mitatu mitupu chini ya orodha. Niliona, nikaogopa kusema.

Leo niliuliza PF16 kama Njeri alivyonielekeza. Simu saba zimo, laptopu imo, tableti imo. Pesa imeandikwa 460,000. Pasipoti haimo kabisa. Nimeomba kumwona OC-CID, mkuu wa upelelezi, nimepangiwa kesho saa tatu, na mwenyekiti wa mtaa amekubali kunisindikiza.

Akina mama wa kikoba nimewaambia ukweli wote, hata hiyo tofauti ya 180,000. Lakini tarehe 30 iko palepale. Kuna yeyote humu aliyewahi kuomba kibali upya wakati pasipoti yake iko polisi na haimo kitabuni?