Ushauri: kampuni inataka programu yetu ya stoo iwe huria, tuchague leseni gani?

kitasa07: Wakuu, habari za jioni. Programu yetu ya stoo na mauzo ina miaka 8, uongozi umeamua iwe huria, yaani yeyote aone msimbo wake, autumie na kuubadili. Nimepewa wiki 6. Kati ya leseni huria zinazojulikana, MIT, Apache 2.0 au GPL? Natanguliza shukrani.

Jabali: Leseni baadaye, anza na historia ya ripo, yaani hifadhi ya msimbo kwenye Git. Nywila uliyoifuta kwenye faili mwaka jana bado imo kwenye komiti za nyuma (kumbukumbu za kila badiliko). Pitisha gitleaks, programu ya kusaka siri, kwenye historia nzima, badilisha kila ufunguo uliovuja, ndipo usafishe kwa git filter-repo, zana ya kuandika upya historia. Namba za komiti zitabadilika, kwa hiyo kila mtu aklone upya, yaani achukue nakala mpya. Mmoja akirudisha nakala ya zamani kwenye ripo, uchafu wote unarudi.

Bi_Shufaa: Na msimbo ambao si mali yenu je? Kampuni ya Sun ilipoachia lugha yake ya programu, Java, iwe huria 2007, sehemu za fonti na sauti hazikuwa mali yake, zikabaki zimefungwa mpaka zilipowekewa mbadala huria. Msimbo wenu umeandikwa na waajiriwa wote?

kitasa07: Wengi.

Bi_Shufaa: Wengi ndiyo wangapi, mdogo wangu?

kitasa07: Wawili walikuwa vibarua. Moduli ya malipo ni yao. Hela yao walipewa yote, ila karatasi ya kuhamisha hakimiliki haikuandikwa. Lakini wateja tumeshawatangazia tarehe. Bodi imeshapitisha jina libaki la kampuni, viti vyote 5 vya kamati ya mradi ni vyetu, na kila mchangiaji asaini kuturuhusu kubadili leseni. Gharama zote tumebeba sisi, kuna ubaya gani?

Nahodha_Mstaafu: Ukimpa mtu mbuzi huku umeshika kamba, hujampa. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliihamisha Terraform, programu yake ya kusimamia seva, kutoka leseni huria kwenda leseni yenye masharti, kwa saini za namna hiyo hiyo. Mwezi uliofuata nakala huria, OpenTofu, ilikuwa chini ya Linux Foundation, taasisi inayolea miradi huria. Hudson nayo, programu huria ya kujenga na kupima msimbo: kampuni ya Oracle ilidai jina ni lake, mwaka 2011 jamii ikahama na msimbo, ikauita Jenkins. Leo nani anaitaja Hudson?

Kipanga: Hii chai. Miaka 8, bodi ipo, mikataba hakuna? Mtu anatunga apate majibu ya thesisi. Mods, fungeni uzi.

kitasa07: Mkuu, si chai. Nimeendesha `git shortlog -sne`, amri inayohesabu komiti za kila mtu, sasa hivi. Komiti 412 na 187 zimetoka kwenye anwani mbili za Gmail, zilizobaki zote ni za barua pepe ya kazini. Sijalala siku ya tatu hii.

Bi_Shufaa: Kipanga, mwache. Kitasa, kulipwa si kuhamisha hakimiliki; nchi nyingi zinataka maandishi yenye saini. Watafute wote wawili, mwanasheria aandike ukurasa mmoja unaotaja ripo na tarehe.

kitasa07: Mmoja yuko tayari. Wa pili, mwenye 412, hapatikani.

Jabali: Basi kazi yake isitoke. Toeni stoo pekee tarehe hiyo, ripo mpya, komiti moja ya mwanzo, ripo ya zamani ibaki ndani ya kampuni. Moduli ya malipo aiandike upya mtu ambaye hajawahi kuufungua msimbo wake, akipewa maelezo ya inachofanya tu. Wachangiaji wapya waweke `Signed-off-by`, mstari wa kuthibitisha wana haki ya kutoa msimbo huo, kwenye kila komiti badala ya ile saini ya bodi. Na viti 2 kati ya 5 viandikwe vya watu wa nje kabla ya tangazo, maana baada ya hapo bodi haitakusikiliza.

kitasa07: Viti 2 sitavipata. Kimoja labda.

Nahodha_Mstaafu: Kichukue hicho, kwa maandishi.