Minnesota wameingia mchujo siku ya mwisho halafu wamebeba kombe tena, hii ligi ya hoki ya wanawake inahesabuje pointi?

baba_zuu
Wakuu habari za humu. Naomba msaada kabla sijaaibika mbele ya mtoto.

Nipo St. Paul, Minnesota, mwaka wa sita sasa, na hoki ya barafu nilikuwa naiona kwenye TV ya kinyozi tu, inapita kushoto. Sasa binti yangu ana miaka 10, wenzake shuleni wote wanateleza, kanisumbua weee mpaka Jumatatu ya tarehe 26 Mei 2025, ilikuwa sikukuu sina shifti, nikampeleka fainali ya PWHL, ndiyo hii ligi ya kulipwa ya hoki ya wanawake, pale uwanja wa Xcel, Minnesota Frost na Ottawa Charge. Nje jua linawaka nikavaa fulana, kumbe humo ndani ni friji, nimekaa nimejikunyata kama kuku wa mvua. Tulikaa nyuma ya goli karibu na kioo, kile kidude cheusi kikigonga kioo PAA mimi nainama, mara mbili nzima nimeinama, mtoto anacheka "baba kuna kioo".

Imeisha 2-1 kwenye nyongeza, Liz Schepers kafunga, watu zaidi ya elfu 11 wakalipuka, mama mmoja wa kizungu simjui hanijui kanikumbatia na soda yake mkononi, nikalowa.

Sasa njiani kurudi mtoto ananisimulia kwamba hawa Frost msimu mzima walikuwa wanasuasua, wameingia nne bora, yaani zinazokwenda mchujo, siku ya mwisho kabisa, na kwamba mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo na wakachukua. Nikaangalia msimamo kwenye simu nikachoka, timu tatu zina pointi 44 kila moja, Ottawa wa tatu, Minnesota wa nne, Boston wa tano katolewa. Lakini Boston kashinda mechi 15, Minnesota 15, Ottawa 14! Aliyeshinda mechi chache ndiye yuko juu? Na kuna mtu kaniambia kazini eti timu ya kwanza INACHAGUA ya kucheza nayo nusu fainali. Inachagua kama sokoni? Nielewesheni taratibu, mimi ni mtu wa Simba na Yanga.

kigoma_mpaka_ottawa
Mkuu naandika na moyo umepasuka maana mimi niko Ottawa na mechi mbili za mwanzo za fainali nilikuwepo uwanjani kwetu TD Place, lakini ntakujibu kwa haki.

Siri yote iko kwenye pointi. Sahau mambo ya ligi kuu ya mpira. Huku hakuna sare, lazima mtu ashinde, na USHINDI HAUFANANI. Ukishinda ndani ya dakika 60, yaani vipindi vitatu vya dakika ishirini ishirini, unachukua 3. Mkimaliza 60 mko sawa mnaingia nyongeza dakika 5 wachezaji watatu kwa watatu, hapo uwanja unakuwa mkubwa watu wanapishana kama daladala za Kariakoo, ikishindikana mnapiga matuta. Atakayeshinda huko anapata 2, aliyefungwa anaondoka na 1. Kwa hiyo kila mechi ina pointi tatu za kugawana, hazizidi hazipungui. Kwenye NHL ya wanaume sivyo, kule ushindi wowote ni 2 na anayefungwa kwenye nyongeza anapewa 1, kwa hiyo mechi nyingine inazaa pointi mbili nyingine tatu, hesabu za ajabu sana zile na wenyewe wanazilalamikia kila mwaka.

Sasa rudi kwenye msimamo wako. Ottawa kashinda 14, lakini 12 ni ndani ya dakika 60, hizo ni 36. Mbili za nyongeza ni 4, ikawa 40, na mara nne kafungwa nyongeza akaokota moja moja, jumla 44. Minnesota 10 za dakika 60, 5 za nyongeza, na moja moja 4. Piga mwenyewe. Boston 9, 6 na 5. Wote 44. Zikilingana wanaangalia nani kashinda nyingi ndani ya dakika 60, ndiyo maana Ottawa juu, Minnesota kati, Boston nje. Boston kafa kwa mechi moja tu aliyochelewa kuimaliza.

Na cha kuuma zaidi kwa Boston (mimi nacheka lakini inauma) ni kwamba siku ya mwisho tarehe 3 Mei walikuwa wanacheza na haohao Minnesota na walihitaji pointi MOJA. Hata wangefungwa kwenye nyongeza wangepita. Wakafungwa 8-1. Nane mkuu. Kwenye hoki ya hawa wanawake goli nane hazipatikani ovyo, mechi nyingi ni mbili moja, moja bila.

chipsi_kavu
nipo siti ya mbele nasoma na bisi mkononi 😂 yaani mnakaa kwenye friji kwa hiari mnalipa na hela

swali langu, wa mwisho anashuka daraja? maana kama hashuki hiyo sio ligi hiyo ni bonanza

kigoma_mpaka_ottawa
@chipsi_kavu hashuki, na Marekani yote michezo mikubwa ndivyo ilivyo. Timu zenyewe msimu huu wa 2024-25 ni sita tu: Boston, Minnesota, Montreal, New York, Ottawa, Toronto, na zote sita ni za mwenye ligi mmoja, Mark Walter na mkewe, huyu Walter ndiye mwenye timu ya besiboli ya Dodgers. Msimu ujao wa 2025-26 zinaongezeka Vancouver na Seattle zinakuwa nane. Umshushe nani umpeleke wapi?

Lakini swali lako sio la kijinga. Kwa kawaida huku timu ya mwisho ndiyo inapewa nafasi ya kwanza kuchagua wachezaji wachanga wanaotoka vyuoni, kwa hiyo kwenye ligi nyingine timu ikishaona imekufa inaanza kulegea makusudi ili iwe mbovu kabisa. PWHL wamelizibia hilo tundu. Ukishatolewa kihesabu kwenye mbio za nne bora, pointi utakazookota KUANZIA HAPO ndizo zinakupa nafasi ya kwanza kuchagua. Kwa hiyo uliyetolewa unalazimika kushinda. New York wamekuwa wa mwisho misimu yote miwili na nafasi ya kwanza wameipata mara zote mbili, lakini wameitolea jasho, mwaka jana wakamchukua Sarah Fillier. Mimi naona TFF waje wajifunze hapa badala ya zile mechi za mwisho wa msimu tunazozijua.

chipsi_kavu
hapo kwenye mechi za mwisho wa msimu umenigusa mkuu, naendelea kusoma kimya kimya

mama_pacha_toronto
Assalam aleikum wanabaraza. Mie mtu wa Mombasa lakini niko Toronto miaka kumi na mbili, wacha niwaeleze habari ya kuchagua maana sisi ndio tulioanza kuungua nayo.

Ni kweli kabisa baba Zuu, timu iliyomaliza ya kwanza inaambiwa haya chagua, wamtaka wa tatu ama wa nne. Anayebaki anacheza na wa pili. Msimu wa kwanza 2024 sisi Toronto tulimaliza juu na pointi 47 katika mechi 24, tuko na Natalie Spooner kafunga magoli 20, hakuna aliyemfikia. Minnesota hao wenu walikuwa wamepoteza mechi TANO mfululizo za mwisho, wakaingia kwa sababu tu siku ya mwisho sie wenyewe tuliwafunga Ottawa 5-2. Yaani tuliwafungulia mlango kwa mkono wetu. Kisha tukaulizwa mwamtaka nani, tukasema twawataka hao, wamechoka hao.

Mechi ya kwanza tukawafunga 4-0. Ya pili 2-0. Nikapika biriani jamani, nikaita na majirani. Ya tatu Spooner akaumia goti, wakatufunga 2-0. Ya nne 1-0, nyongeza mbili. Ya tano kwetu nyumbani, 4-1. Biriani lenyewe lilikuwa halijaisha kwenye friza.

Wakaenda fainali na Boston nako vituko vitupu, mechi ya nne Minnesota walishafunga kwenye nyongeza ya pili, wameshatupa kofia na fimbo hewani wanakumbatiana, refa akaenda kuangalia video akarudi akasema kipa alizuiwa, goli hakuna, rudini mchezoni. Muda si muda Boston wakafunga wao. Mtu mwingine angelia pale pale. Mechi ya tano Minnesota wakaenda kwa Boston wakashinda 3-0, na lile goli la kwanza nani alifunga? Huyo huyo Schepers alokumwagisha soda.

Mwaka huu Montreal wakawa wa kwanza, pointi 53, na nyota wao Poulin. Wakaona ya Toronto, wakaogopa kumgusa Minnesota, wakachagua Ottawa. Wakatolewa kwa mechi 3-1! Na mechi waloshinda ni moja tu, ile iliyokwenda nyongeza nne mpaka watu wakalala kwenye viti. Sie Toronto tukaachiwa Minnesota tena, tukatolewa tena, safari hii kwa mechi 3-1. Misimu miwili, anayechagua katolewa mara mbili. Mie ningekuwa kocha ningerusha shilingi.

kanairo_iko_baridi
Niaje watu wa barafu. Mimi niko Nairobi na najua hii game kidogo, miaka ile nilikuwa nateleza pale Panari, Mombasa Road, ile barafu ya hoteli. Ni kidogo sana, ukipiga hatua tatu za nguvu ushafika ukuta, so tulikuwa tunajifunza kugeuka kabla ya kujifunza kukimbia. Halafu unatoka nje na glavu mkononi, jua ya saa nane, makanga wa matatu anakuangalia kama umetoka mwezini.

Nataka niongeze ile sheria tamu zaidi ya PWHL yenye hamjaitaja. Kwenye hoki ukicheza rafu unafungiwa kwa kile kiboksi dakika 2, wenzako wanabaki wanne dhidi ya watano. Kila mahali, wale watano wakifunga, wewe unatoka. Lakini hawa wakaongeza: ata wale WANNE wakifunga, aliyefungiwa anatoka saa hiyo hiyo. Wanaiita kuvunja jela. So ile timu iko pungufu haikai nyuma ikirusha tu mpira mbali kupoteza muda, inawinda. Manze hapo ndio game inakuwa tamu, mtu akipokonya kile kidude akiwa pungufu uwanja wote unasimama.

Na @baba_zuu kuhusu nyongeza ya fainali, hiyo si ya watatu watatu. Kwenye mchujo hakuna matuta, mnacheza watano kwa watano, dakika 20, haijaisha mnapumzika, mashine inapitishwa kulainisha barafu, mnaanza 20 zingine, mpaka mtu afunge. Fainali ya huu mwaka mechi zote nne ziliisha 2-1 na zote nne nyongeza, ya tatu ilienda nyongeza tatu. Zote nne! Wewe umeona ya mwisho, ilikuwa hivyo hivyo kutoka mwanzo.

So jibu la swali lako la ukweli, wa nne anabebaje kombe? Kwa hii system wa kwanza na wa nne hawako mbali. Mechi ni 30, timu ni sita, kila mtu ashamjua mwenzake mpaka kamba za viatu. Mechi ikiwa 1-1 dakika ya 80, ni kipa na bahati. Minnesota wana makipa wawili wazuri, Hensley na Rooney, wanapishana. Hiyo tu.

mama_pacha_toronto
Ni kipa na bahati kweli lakini usiwanyime Minnesota haki yao ndugu yangu, wana Heise, wana Coyne Schofield anavokimbia kama kafukuzwa na nyuki. Tatizo langu nao ni kuwa msimu mzima wanalala kisha mwezi wa tano ndio wanaamka, na mie ndie naamka nikalala njaa.

Na jambo moja baba Zuu umweleze binti. Ligi hii ilianza tarehe 1 Januari 2024 hapa hapa Toronto, tukafungwa na New York 4-0. Kabla ya hapo wasichana hawa walikuwa wakishinda medali za Olimpiki kisha hawana ligi moja ya maana ya kuwalipa. Msimu wa kwanza ata majina timu hazikuwa nayo, jezi imeandikwa MINNESOTA tu basi, hayo ya Frost na Charge yamekuja baadaye. Mshahara wa chini ulianza dola 35,000 kwa mwaka, si pesa ya kutisha kwa Amerika, wewe wa shifti wajua, lakini mtu aamka aenda mazoezini badala ya dukani kuuza.

baba_zuu
Wakuu nimewasoma wote asanteni sana, nimemsomea na mtoto hapa mezani, ile hesabu ya 12, 10 na 9 kaishika kabla yangu. Kuvunja jela kaniambia "nilikwambia uwanjani ukawa unaangalia simu". Haya.

Sasa kuna jipya. Anataka kuanza kucheza. Nikamwambia sawa utakuwa Schepers, akasema hapana. Anataka kuwa KIPA. Na sio kipa wetu, anataka kama yule wa Ottawa, namba sijui ngapi, aliyelia mwisho.

kigoma_mpaka_ottawa
Gwyneth Philips!!! Aliingia Machi baada ya kipa wetu wa kwanza Maschmeyer kuumia, mtoto mgeni kabisa kwenye ligi, akatubeba mpaka fainali. Tumefungwa sisi lakini mchezaji bora wa mchujo wamempa yeye, aliyepoteza. Huyo binti yako ana macho mkuu, mlete huku.

Vifaa vya kipa usinunue vipya, tafuta vya mtumba kwa wazazi ambao watoto wao wamekua, huku kila gereji inavyo na huko Minnesota hivyo hivyo. Na bei kaulizie ukiwa umekaa.