Karte ya kupiga kura: juu ya nini Marekani banagombana nayo mpaka ku tribinali?

kijana_katuba (Lubumbashi)

Bandugu salamu. Niko na ulizo moja inanisumbua tangu siku ya yenga. Yaya yangu anakaa Texas, alishapata uraia wa kule, alituita ku WhatsApp akaanza kueleza vile kule banapelekana ku tribinali juu ya karte ya kuonyesha siku ya kura, chama moja inasema lazima karte, ingine inasema ile sheria iko ya kufukuza Bamerika beusi na masikini. Mimi nikacheka. Nikamwambia yaya, hapa kwetu bila karte hauingie mu biro ya kura na hakuna mutu analia. Ata nkambo yetu mwenye hajue kusoma iko nayo, anaifungaka mu kitambaa pamoja na makuta yake.

Kesho yake nikaleta ile masolo kwa kinyozi, ikawaka moto, mutu kichwa nusu imenyolewa anasimama juu ya kiti anapiga kelele. Benye kujua batusaidie: kuonyesha karte kuna ubaya gani? Na ni kweli inazuia batu fulani ao ni maneno ya banasiasa tu?

mzee_wa_houston

Kijana, yaya yako hakudanganya. Niko huku miaka mingi, nikueleze vile nimeona.

Kwanza jua kwamba Marekani haina karte ya taifa. Hakuna mtu wa serikali anakuja na mashine mtaani kwako kukupiga picha bure kama kwetu. Watu wengi wanatumia permi ya kuendesha gari. Sasa wewe mzee wa miaka 80 umeacha kuendesha, ao kijana wa mjini hujawahi kuwa na gari, permi utaitoa wapi? Watakuambia nenda ofisi, utapewa karte ya bure. Sawa, karte ni bure lakini wanakuomba cheti cha kuzaliwa, na cheti mara nyingi kinalipwa, na kuna wazee weusi wa kusini walizaliwa nyumbani kwa mkunga, cheti hakikuandikwa kamwe. Alafu ofisi yenyewe iko wapi. Texas ina kaunti 254, na wakati sheria yao ya 2011 inakuja zaidi ya 70 hazikuwa na ofisi ya permi. Bila gari unafikaje, na ungekuwa na gari ungekuwa na permi tayari!

Ile sheria ya 2011 ndiyo ilinifungua macho. Leseni ya kubeba bunduki ilikubaliwa, karte ya mwanafunzi wa chuo cha serikali ilikataliwa. Jiulize wenye bunduki wanapigia nani kura na wanafunzi wanapigia nani. Ku tribinali walihesabu watu kama laki 6 waliokuwa kwenye daftari la kura bila karte moja ya zile zinazotakiwa, na weusi na Walatino walikuwa wengi kupita kiasi chao. 2016 majaji wakasema sheria inabagua kwa matokeo yake, ikabidi wailegeze, asiye na karte aweze kusaini karatasi ya kueleza sababu.

Na usifikiri ni weusi tu. Indiana walipitisha sheria yao 2005, Mahakama Kuu ya Marekani ikaikubali 2008, majaji 6 kwa 3. Haikupita hata mwezi mzima, masista wazee kama 12 wa kule South Bend, wengine wana miaka 90 na zaidi, wanashuka kupiga kura palepale ndani ya konventi yao, na msimamizi wa kura ni sista mwenzao anakula nao kila siku. Akawarudisha. Hawana karte inayotakiwa. Sista anamjua sista kwa jina, kwa sauti, kwa namna anavyokohoa, lakini sheria inasema karte.

kijana_katuba

Mzee, ile ya masista inaniua 😂 sista kumurudisha sista mu nyumba yabo yenyewe!!

mwana_kiwanja (Goma)

Salamu toka Goma. Kijana wa Katuba, mimi sikucheka. Unasema hapa kwetu hakuna mutu analia, ni juu uko Lubumbashi.

Mimi ni wa Kiwanja, Rutshuru. Tulikimbia mwezi wa kumi 2022, nilibeba mutoto na nusu ya godoro, karte yangu ya 2017 ilibakia mu sanduku chini ya kitanda. Tukafika Kanyaruchinya, kambi ya karibu na Goma, tukafunga bashe juu ya mawe ya volkano. Siku moja simu ikaibiwa, nikaenda kurudisha namba yangu, kijana wa kibanda ananiambia mama leta karte. Nikamwambia iko mu nyumba. Akasema basi nenda uilete. Nilimuangalia tu. Namna ya kumueleza kama nyumba iko nyuma ya vita sikuipata, nikarudi na miguu mpaka kambini.

Sasa mu 2023 kuandikisha kukaanza mikoa yetu ya mashariki mwezi wa pili. Bila karatasi ingine unaleta bashahidi, batu benye kuandikishwa kituo kile kile na benye kukaa pale miaka mingi. Bashahidi bangu mimi ni nani? Jirani yangu ni mudeplase kama mimi, bashe kwa bashe. Benye Goma hawanijui na sibalaumu, nani atasaini kwa mutu alimuona juzi ku robine? Ile sheria haikuandikwa juu ya kutuzuia, iliandikwa ya batu benye kukaa pahali pamoja. Ku 20/12/2023 Masisi na Rutshuru hakukuwa kura kabisa, na Kwamouth kule Mai-Ndombe vilevile. Redio ilikuwa inatoa habari za milolongo ya Kinshasa, mimi nilikuwa nafua.

Kwa hiyo ulizo yako ya "ubaya gani", mimi naijibu hivi: uliza kwanza mwenye hana karte anakosa juu ya nini.

mwalimu_kadutu (Bukavu)

Mama wa Kiwanja pole sana, wala sina cha kupinga kwa hilo.

Lakini kwa afere ya Marekani naomba niongeze neno kidogo. Kuna wachumi wawili walipima chaguzi za 2008 mpaka 2018 nchi nzima, jimbo kwa jimbo, matokeo yakatoka 2021: zile sheria kali za karte hazikupunguza idadi ya wapiga kura kwa namna ya kuonekana, si kwa weusi si kwa weupe. Wenye kupinga sheria hawapendi kusikia hiyo. Ila ngoja, wenye kuipenda nao wasishangilie, juu utafiti uleule haukuona kama sheria zilipunguza wizi wa kura pia. Basi kelele yote hiyo ilikuwa ya nini.

Halafu tuje kwetu. Kijana, unajua juu ya nini nkambo yako anafunga karte mu kitambaa? Si juu ya kura. Hesabu ya mwisho ya watu Kongo ilikuwa 1984, karte ya taifa tunaingojea, 2023 tuliona prezida anapewa ya kwanza na sisi tuko bado tunangoja yetu. Kwa hiyo karte ya kura ndiyo kila kitu: barieri, laini ya simu, kutoa pesa, kuandikisha biashara. 2023 waliandikishwa karibu milioni 44, waliopiga kura ni kama milioni 18. Hao wengine wako wapi? Wako nyumbani na karte zao. Marekani mtu anataka kura anakosa karte, huku mtu anataka karte, kura ni ya kuongezea kama sabuni ya bure ukinunua katoni.

mama_ruashi

Mwalimu, sabuni ya bure 😂😂 Mimi naongeza kidogo tu juu nko jikoni. Dada yangu aliolewa na muzungu kule, akabadilisha jina, sasa cheti kinasema jina la papa yetu na permi inasema jina la bwana. Kila ofisi inamuomba cheti cha ndoa juu ya kuunganisha. Sisi huku mwanamuke anaolewa anabakia na jina lake, ile shida moja Mungu alituepusha.

mzee_wa_houston

Mwalimu, utafiti huo naujua na ni wa kweli, ila wastani unaficha vitu. Mfano jimbo la North Dakota 2018. Sheria ilitaka karte yenye adresi ya nyumba, barabara na namba. Wenyeji wa asili kwenye maeneo yao wengi hawana namba ya nyumba, barua zinafika kwenye sanduku la posta. Mahakama Kuu ikaacha sheria ipite mwezi wa kumi, kura ni mwezi wa kumi na moja. Watu wakafanya nini? Kabila la Turtle Mountain likaanza kuwapa watu wake karte mpya bure, mchana kutwa, mpaka mashine ikapata moto ikaanza kuyeyusha karte. Na kura za wenyeji zikapanda mwaka ule. Sasa mwenye kupima anaandika "hakuna aliyezuiwa", haandiki ile mashine wala watu walioacha kazi kusimama pale.

Uingereza nao walianza 2023. Mzee anaonyesha karte yake ya basi anapita, kijana anaonyesha ya kwake ya basi anakataliwa. Alafu 2024 Boris Johnson, serikali yake ndiyo ilileta hiyo sheria, akafika kupiga kura amesahau karte, akaonyesha gazeti lililotumwa kwake kwa jina na adresi. Wakamrudisha! Tofauti ni kwamba yeye alirudi baadaye na karte, akapiga. Huyo wa jimbo la Alabama huku Marekani mwenye ofisi yake ya permi ilifungwa (2015 walifunga 31 kwa mara moja, kisha kelele ikawafanya wafungue kidogo kidogo) anarudi na nini?

kijana_katuba

Asante sana bandugu, na mama wa Kiwanja unisamehe, niliandika mbio mbio.

Sasa sikia. Kisha kusoma hapa nikaenda kwa nkambo nikamuomba anionyeshe karte yake. Akafungua kitambaa polepole, fundo ya kwanza, fundo ya pili. Ni ya 2023. Munajua vile karte nyingi za mwaka ule zilifutika. Sura yake haiko tena, inabakia kivuli ya rangi ya chai na kilemba kidogo, jina unasoma herufi tatu ukiigeuza ku dirisha. Na hakujua! Tangu ile mwaka yeye anaifunga na kufungua juu ya makuta, hakuiangaliaka. Akaniuliza "iko muzuri?" nikasema ndiyo nkambo, iko muzuri.

Mwenye anajua hapa Lubumbashi fasi banatoaka ya pili aniambie, na kama ni lazima yeye mwenyewe aende, juu magoti yake ni ya kupanda pikipiki tu na mutu wa kumushika nyuma.

mama_ruashi

Ni lazima yeye mwenyewe, juu ya picha na vidole. Njoo inboksi nikuelekeze, na ubebe kiti.