Mrejesho: ile bastola ya mtumba

Wakuu, niliwauliza nitajuaje kama bastola iliyotumika ninayotaka kununua haijaripotiwa kuibwa. Nimeenda polisi. Silaha yenyewe sikuibeba (aliyenishauri hivyo, Mungu ambariki). Nilipeleka aina, modeli, kaliba, namba na picha alizonitumia muuzaji.

Kumbe hifadhidata ya Interpol ya silaha zilizoibwa, iARMS, raia haingii; ni ya vyombo vya dola tu. Afisa akaangalia mwenyewe kwenye mfumo wao, hakuna kitu. Ila akaniambia hiyo maana yake haijaripotiwa, si kwamba haijaibwa.

Balaa lilikuwa kwenye picha. Alipoikuza, namba ya kwenye mtutu haikufanana na ya kwenye fremu, na chuma kuzunguka namba ya fremu kinang'aa kana kwamba kimepigwa msasa. Mtutu unaweza kubadilishwa kihalali, sawa. Msasa wa nini?

Nikamwambia muuzaji alete karatasi za umiliki, tukabidhiane polisi. Tangu hapo simu zangu hapokei. Hela yangu ninayo bado, na picha zote nimemwachia afisa.