Vitambaa vya viraka vimenizidi: nipange kwa rangi, kwa ukubwa, au nikate vyote kabisa?

NyuziTano
Wadau wa cherehani, salaam. Nashona mifarishi ya viraka, na vitambaa sasa vimenishinda. Kabati limejaa, masanduku ya chini ya kitanda yamejaa, na kuna mfuko wa mabaki ambao ukiufungua tu unakumwagikia miguuni. Kununua nimesimamisha. Ninachotaka ni mpangilio utakaofanya vitambaa vitumike, si vya kupendeza machoni tu. Nimesikia njia tatu:

1. Kupanga kwa rangi
2. Kupanga kwa ukubwa wa kipande
3. Kukata vyote kwa vipimo maalumu (miraba ya inchi 5, mikanda ya inchi 2.5) na kuviweka tayari

Vingi ni vya mita moja kushuka, vichache ni vya mita 3 na zaidi. Vingine hata sijui kama ni pamba tupu. Aliyetumia zaidi ya njia moja atupe tofauti.

MamaBitana
Mimi ni wa rangi, ila kwa vipande vya kuanzia robo mita tu. Chini ya hapo rangi haikusaidii kitu, utapekua kutwa nzima.

Chukua rula ya upana wa inchi 6, zungushia kitambaa juu yake, chomoa rula, kunja mara moja tena. Vyote vinatoka na upana mmoja, unavisimamisha kwenye rafu kama vitabu. Ukichomoa kimoja, vingine haviporomoki, tofauti na kuvirundika.

Halafu kitu ambacho wengi hawakiangalii: tenga pia vyeusi na vyeupe, yaani vya giza na vya mwanga. Piga rafu yako picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Utashangaa chungwa na kijani vinatoka kijivu kilekile. Ukivishona ubavu kwa ubavu, ukiuangalia mfarishi kwa mbali umbo halionekani. Mimi nilipoona hivyo niligundua karibu kabati zima ni rangi za katikati, vya mwanga hakuna. Ndiyo maana vilikuwa haviishi, havina wa kuolewa naye.

KisuChaDuara
Namba 3 bila kufikiri mara mbili. Kitambaa kikishakatwa, saa ya kushona unashona tu. Mita moja ya kitambaa cha upana wa kawaida (sentimita 110 hivi) inatoa mikanda 15 ya inchi 2.5. Ukifikisha mikanda 40, unayo kazi nzima: iunge ncha kwa ncha upate mkanda mmoja wa karibu inchi 1,600. Ukunje katikati, shona ubavu, kata pale ulipokunja. Rudia. Ukifanya hivyo mara tano unabaki na uso wa mikanda 32, takriban inchi 50 kwa 64. Hakuna kuchagua rangi, hakuna kuumiza kichwa.

FundiKimya
@KisuChaDuara kazi hiyo naijua na ni nzuri, lakini usimwambie mtu akate *vyote*. Mraba wa inchi 5 hauwezi kurudi kuwa nusu mita. Kesho anaona mchoro unaotaka mraba wa inchi 6 na nusu, atafanyaje?

Na tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo. Tunashona kwa mshono wa robo inchi, kwa hiyo kila mraba unapoteza nusu inchi ya urefu na nusu inchi ya upana:

- Mraba wa inchi 2.5 ukishonwa unabaki inchi 2. Asilimia 36 ya kitambaa iko ndani ya mshono.
- Wa inchi 5 unabaki 4.5. Asilimia 19.
- Wa inchi 10 unabaki 9.5. Kama asilimia 10.

Mtu anayebana kitambaa angesikia uchungu. Lakini @NyuziTano anataka kukimaliza! Kwake vipande vidogo ndivyo vinavyokula zaidi kwa mfarishi wa ukubwa uleule. Gharama yake ni muda tu, maana miraba midogo ni mingi mno.

Ushauri wangu: kata vilivyo chini ya robo mita peke yake. Vya juu ya hapo viache vizima.

KisuChaDuara
Sawa fundi, hapo nimekuelewa. Ila mtu asiyekata mapema hashoni kabisa, nawajua wengi wa namna hiyo 😄

SindanoButu
Jamani mbona mfuko wa mabaki hamuugusi? Huo ndio wenye shida.

Vipande vyembamba, vya inchi 1 mpaka 2.5, visipimwe wala kunyooshwa kingo. Kata karatasi nyepesi mraba wa inchi 8, weka kipande cha kwanza mshazari kutoka kona hadi kona, uso juu. Weka cha pili juu yake, nyuso ziangaliane, shona ubavu, kifunue, piga pasi. Endelea kila upande mpaka karatasi ifunikwe, kisha punguza kingo kwa rula. Punguza urefu wa mshono wa cherehani uwe milimita 1.5 hivi, karatasi itachanika kirahisi baadaye bila kuvuta nyuzi. Miraba minne ya hivyo, mshazari wa kila mmoja ukizunguka katikati bila kuigusa, inatoa almasi safi sana. Na sindano ya karatasi itenge, karatasi inaifanya butu upesi (jina langu lisikudanganye).

Huku hakuna haja ya kupanga rangi. Kapu moja la giza, kapu moja la mwanga, basi.

MshonoRobo
Kabla hujapanga chochote, hivyo usivyovijua vipime kwa moto. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya sahani, washa. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukiona vyote viwili, ni mchanganyiko. Visivyo pamba viweke mbali, pasi ya moto wa pamba itaviharibu katikati ya kazi.

Vyekundu na bluu iliyokolea fua kabla, huchuja. Lakini vikishakuwa mikanda usivifue tena, utatoa mpira wa nyuzi kwenye maji.

Rafu ya @MamaBitana isipigwe na jua, mstari wa mkunjo utapauka na hautarudi. Masanduku ya plastiki hayana neno ilimradi kitambaa kiingie kikiwa kikavu kabisa, vinginevyo ni ukungu. Mbao tupu nayo tandika kitu kwanza, kwa miaka asidi yake huacha madoa ya njano.

NyuziTano
Asanteni sana. Basi nimeamua hivi: vya robo mita na zaidi kwa rangi kwenye rafu, vidogo vikatwe 5 na 2.5, vyembamba kwenye makapu mawili. Bado swali moja. Vile vya mita 3, baadhi nilivipenda dukani na sasa sivipendi tena. Nivigawe?

FundiKimya
Usivigawe kwanza, hivyo ni bitana. Mfarishi wa sentimita 150 kwa 200 unataka bitana ya 170 kwa 220, uwe na sentimita 10 za ziada kila upande. Kwa upana wa 110 hiyo ni vipande viwili vya mita 2.2, jumla mita 4.4. Hakuna sehemu nyingine ya mfarishi inayomeza kitambaa kwa mkupuo namna hiyo, na hakuna anayekwambia lazima viwili hivyo vifanane.

MamaBitana
Hapo ndipo jina langu lilipotokea. Changanya viwili usivyovipenda, kata zile kingo za kiwandani kwanza maana ni ngumu na zinavuta, shona kwa mshono wa nusu inchi badala ya robo, na mshono ufunue pande zote mbili kwa pasi. Usiuweke katikati kabisa, mfarishi hukunjwa hapo kila siku na mshono ndio utakaochakaa kwanza. Sogeza upande mmoja kama theluthi.

SindanoButu
Na ukipunguza kingo za bitana mwishoni, zile sentimita 10 za pembeni zipasue katikati kwa urefu, uzitupie kwenye kapu. Ndio saizi yangu.